Barua zenu: Mars ina kutu, Mwezi (karibu) hauna, sasa chuma kinafanya nini ndani ya magma?

Toleo lililopita tuliandika kwamba lava za Mars zina chuma karibu mara mbili ya lava za baharini za hapa Duniani, tukaweka na picha ya jangwa jekundu, basi barua zikamiminika mpaka mhariri akaniambia bwana chukua kurasa nzima ujibu. Zinazofanana nimeziunganisha, ndefu nimezikata, na wale wawili waliotukana nimewaruka.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu, kwenye Kemia tumefundishwa kutu inahitaji oksijeni na maji. Mars hewa ya kuvuta hakuna, maji hakuna, kutu imetoka wapi? Na je jiwe la huko ni jekundu mpaka ndani? — Mwanafunzi, Iringa

Marahaba mwanangu. Naanza na la pili maana ndo tamu. Hapana, sio jekundu mpaka ndani. Februari 2013 roboti ya Curiosity ilitoboa jiwe lake la kwanza kule kreta ya Gale, kitundu chenyewe kidogo tu, upana sentimita 1.6 na kina kama 6.4, unga uliotoka ukawa wa kijivu wakati sentimita chache pembeni juu ya jiwe vumbi jekundu limetulia vilevile. Lile lilikuwa jiwe la matope ya kale. Lakini hata kwenye jiwe la volkeno hadithi ni hiyohiyo, mwaka 2004 roboti ya Spirit ilisugua jiwe moja kule kreta ya Gusev walilolipa jina Adirondack, ikaondoa ile ngozi ya juu, chini yake ikakuta basalti (lava iliyoganda) ya kijivu cheusi, ndani yake madini ya olivini, piroksini na magnetaiti kidogo. Spirit ilikuwa na kifaa kilichotengenezwa Mainz, Ujerumani, kinachopiga miale ya gama kwenye jiwe na kusoma chuma kilichomo kiko katika hali gani, na jibu likawa kwamba sehemu kubwa ya chuma cha jiwe lile haijapata kutu kabisa.

Kwa hiyo wekundu wa Mars ni ngozi na vumbi. Oksijeni ya kutengeneza ngozi hiyo ilikuwepo, sema kidogo kidogo na kwa muda mrefu mno. Hewa ya Mars ni kabonidayoksaidi asilimia 95 hivi na oksijeni haifiki hata asilimia 0.2, ila zamani maji yalikuwepo, na mwanga mkali wa jua ukiipiga molekuli ya mvuke unaivunja, haidrojeni ambayo ni nyepesi inatorokea angani, oksijeni inabaki bila mwenzake, inamshika chuma. Mwaka 2025 kuna watafiti walichapisha kwamba kutu ya kwenye vumbi la Mars inafanana zaidi na ferihidraiti, oksidi ya chuma yenye maji ndani yake ambayo hutengenezwa kwenye maji baridi, badala ya hematiti kavu tuliyokuwa tunaiimba miaka yote. Kama ni hivo basi wekundu ulianza mapema, enzi maji yakiwepo. Mwambie mwalimu wako wa Kemia yuko sahihi.

Ila hayo yote ni mambo ya juu ya ardhi. Kilichotuleta hapa ni kilichotokea kabla, jiwe likiwa bado la moto.

Mimi ni welda, chuma nakiyeyusha kila siku. Nikikichoma kutu inageuka magamba inadondoka. Sasa nyie mnasema magma ina chuma "kilichooksidishwa", kutu inakaaje kwenye kitu kilichoyeyuka? Fafanua kwa lugha ya gereji. — Fundi, Tabata

Fundi, kwanza ondoa picha ya kipande cha nondo kinachoelea kwenye lava. Kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka, chuma kimetawanyika atomu moja moja ndani ya kimiminika cha silika, huwezi kukiona. Na kila atomu iko kwenye moja ya hali tatu. Ya kwanza ni chuma mtupu, hicho unachokijua wewe. Ya pili ni chuma kilichopoteza elektroni mbili, tukiite chuma cha mbili. Ya tatu kimepoteza tatu, chuma cha tatu, na hicho ndo kinachotawala kwenye kutu nyekundu. Anayeamua nani awe wapi ni ile oksijeni iliyo huru, na nikisema huru usifikirie hewa ya kupumua, kwenye magma ya nyuzi 1,200 tunaongelea kiasi kidogo sana kiasi kwamba watu wa miamba hawahesabu kwa asilimia, wanahesabu kwa ngazi na kila ngazi ni mara kumi ya iliyo chini yake. Ngazi ya kuanzia kuhesabia ni pale ambapo chuma mtupu na oksidi yake ya kwanza vinaweza kukaa pamoja kwa amani bila mmoja kummaliza mwenzake. Nitaiita mstari wa chuma. Ukiwa chini ya mstari huo chuma mtupu kinaanza kujitokeza, ukiwa juu yake chuma kinaishi ndani ya madini tu.

Lava za kawaida za chini ya bahari hapa Duniani ziko ngazi tatu na nusu hivi juu ya mstari, na katika kila atomu 100 za chuma kama 10 mpaka 16 ni chuma cha tatu, zilizobaki ni cha mbili. Volkeno za pale bamba la ganda la Dunia lililo chini ya bahari linapozama chini ya bara, mfano Indonesia au milima ya Andes, zinapanda juu zaidi, huko chuma cha tatu kinaweza kufika 30 kwa 100.

Sasa wewe utaniuliza inabadilisha nini. Inabadilisha karibu kila kitu, maana fuwele zinachagua. Olivini inapokea chuma cha mbili, cha tatu inakikataa. Magnetaiti haitengenezwi mpaka iwe na vyote, atomu mbili za chuma cha tatu kwa moja ya chuma cha mbili. Hematiti inataka cha tatu peke yake. Kwa hiyo magma yenye oksijeni ya kutosha ikianza kupoa magnetaiti inaganda mapema, inakusanya chuma na kuzama nacho, kimiminika kinachobaki kinapungukiwa chuma na silika inaongezeka, unaishia na mwamba mweupemweupe. Magma yenye njaa ya oksijeni inakwenda njia nyingine kabisa, magnetaiti inachelewa au haiji, olivini na piroksini zinaganda lakini hazimalizi chuma, kimiminika kinazidi kuwa cha chuma na kizito mpaka mwisho. Magma inaweza kuanza ikiwa moja, ukaibadilishia oksijeni tu, ukapata miamba miwili ambayo hata ndugu zake hawatawatambua.

Halafu kuna utelezi. Chuma cha tatu sehemu yake kubwa kinajiunga na mtandao wa silika na kuushikilia, chuma cha mbili mara nyingi kinaukata. Ndo maana lava yenye chuma kingi cha mbili inatiririka kirahisi, na Mars unaziona lava zilizosambaa mbali sana na mlima wao, Olympus Mons yenyewe ina urefu wa kama kilomita 22 na upana wa kilomita 600, yaani mteremko wake kwa sehemu kubwa ni wa kupanda bila kuhema (ungekuwa na hewa ya kuhema). Chuma cha mbili unaweza kukiona hapo gereji, chukua kioo cha kawaida cha dirisha ukitazame kwa pembeni kwenye ubavu wake, ule ukijani ndo chenyewe.

Mwalimu mimi ni wa Ludewa. Liganga kwetu kuna chuma chenye titani. Nimesikia mawe ya Mwezini nayo yana chuma chenye titani. Ni kitu kimoja? — Msomaji, Ludewa

Hii barua nimeipenda kuliko zote. Ni ndugu, ila sio kitu kimoja, na tofauti yao ni oksijeni.

Liganga mnayo magnetaiti yenye titani, na vanadi ndani yake. Magnetaiti nimeshasema, haiwezi kuzaliwa bila chuma cha tatu. Maana yake magma iliyotengeneza mlima wenu zamani hizo ilikuwa na oksijeni ya kutosha kubadilisha sehemu ya chuma chake. Mwezini titani imejaa, basalti walizobeba wanaanga wa Apollo 11 Julai 1969 baadhi zina oksidi ya titani zaidi ya asilimia 10, wakati basalti nyingi za huku kwetu zina moja mpaka tatu. Lakini ukiliangalia jiwe la Mwezi kwenye hadubini huoni magnetaiti. Unakuta ilmenaiti, ambayo ni titani na chuma cha mbili peke yake, vijiti vyeusi vinakatiza katikati ya piroksini. Unakuta pia armakolaiti, madini yaliyotambuliwa kwanza kwenye mawe hayohayo na kupewa jina la Armstrong, Aldrin na Collins kwa kuunganisha vipande vya majina yao. Na pembeni, vipunje vidogo vya kung'aa, chuma mtupu. Chuma mtupu ndani ya lava! Duniani hicho ni kioja, kuna sehemu chache kama kisiwa cha Disko kule Greenland ambako lava ilipita kwenye tabaka zenye makaa ikanyang'anywa oksijeni yake. Mwezini ni jambo la kawaida, kwa sababu magma ya Mwezi iko kama ngazi moja chini ya mstari wa chuma. Toka lava zetu za baharini mpaka huko ni tofauti ya zaidi ya mara elfu kumi ya oksijeni, na humo chuma cha tatu kimekwisha kabisa.

Na jirani ya madini yenu huko Ludewa kuna mwamba mweupe wa anothosaiti. Ile sehemu nyeupe ya Mwezi unayoiona usiku kwa macho ni anothosaiti hiyohiyo, fuwele za plajioklesi zilizoelea juu wakati Mwezi mzima ulikuwa bahari ya magma. Plajioklesi chuma haikitaki sana, hivyo ni nyepesi na nyeupe, na chuma kikaenda kurundikana chini na baadaye kikapanda na lava nyeusi zilizojaza mabonde.

Wanaopanga kwenda kukaa Mwezini wanaitazama ilmenaiti kwa jicho la njaa. Ukiipasha nyuzi 900 hivi na kupitisha haidrojeni juu yake, haidrojeni inapokonya oksijeni kutoka kwa chuma na kutoka nayo kama mvuke wa maji, nyuma inabaki chuma mtupu na oksidi ya titani. Maji unayapasua kwa umeme unapata oksijeni ya kuvuta.

Ninafundisha historia. Kagera tuna tanuru za kale za kufulia chuma, na wanafunzi wakiokota mavi ya chuma wananiuliza ni mawe gani. Kuna uhusiano na hayo unayoandika? — Mwalimu, Bukoba

Upo, tena wa moja kwa moja. Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita kwa mkaa, na kazi ya mkaa kwenye tanuru haiishii kwenye joto. Mkaa ukiungua kwenye hewa haba unatoa kaboni monoksaidi, gesi yenye uchu wa oksijeni, inaivua kutoka kwenye udongo wa chuma. Yaani wazee walikuwa wanaishusha ile ngazi mpaka chini ya mstari wa chuma kwa mikono na mivukuto. Chuma mtupu kikijitenga, kilichobaki kinayeyuka na kutoka kama mavi ya chuma, na mavi ya tanuru za jadi kwa kawaida yamejaa fayalaiti, ambayo ni olivini ya chuma cha mbili tupu. Ukilikata jiwe lile jembamba na kuliweka chini ya hadubini utaona fuwele ndefu nyembamba zimejipanga sambamba kwa sababu lilipoa haraka. Fayalaiti hiyohiyo ipo kwenye mawe ya Mwezi, kwenye vile vitone vya mwisho vya magma vilivyoganda vikiwa vimesheheni chuma. Waambie wanafunzi wako wameshika jiwe lililogandia kwenye oksijeni haba isiyo mbali sana na ya lava za Mwezini, na kiwanda chake kilikuwa Kagera.

Sasa mwalimu, Mercury iko karibu na jua kuliko zote, si chuma chake kingekuwa kimeungua chote kikawa oksidi? — Nakuru

Mercury, au Utaridi, inafanya kinyume kabisa. Jua linaleta joto, mchana huko ni nyuzi 430, lakini joto bila oksijeni halitengenezi oksidi. Setilaiti ya MESSENGER iliizunguka sayari hiyo toka 2011 mpaka Aprili 2015 ilipoishiwa mafuta na kuanguka juu yake, na ikakuta kwamba miamba ya juu ina chuma kidogo sana, asilimia mbili au pungufu. Wakati huohuo sayari yenyewe ni nzito ajabu. Chuma karibu chote kimeenda chini, kiini chake kina nusu kipenyo cha kama kilomita 2,000 na sayari nzima ina 2,440, yaani ni mpira wa chuma uliofunikwa na ganda la mwamba.

Kilichotokea ni kwamba ile magma ilikuwa na njaa kuliko hata ya Mwezi, makadirio ni ngazi tatu mpaka saba chini ya mstari. Huko chini chuma hakiruhusiwi kubaki kwenye madini, kinageuka metali na kuzama, na hata silikoni yenyewe sehemu yake inavuliwa oksijeni na kuzama nacho. Olivini na piroksini zinazoganda zinakuwa za magnesiamu karibu tupu. Halafu salfa inabadilika tabia, kwenye magma za kwetu salfa inapenda kuambatana na chuma, kule chuma hakipo basi inayeyuka kwa wingi kwenye magma na baadaye inashikana na kalsiamu na magnesiamu. MESSENGER ilipima salfa mpaka asilimia nne, kwa jiwe la volkeno hiyo ni nyingi kupita kiasi. Salfaidi ya kalsiamu ni madini ambayo huku kwetu yakikutana na unyevu yanaharibika, ndo maana huwezi kuyaokota njiani. Chombo cha BepiColombo cha Ulaya na Japani kiliondoka Oktoba 2018 na kimepangwa kuingia kwenye mzunguko wa Utaridi Novemba 2026, kina vipimo bora zaidi vya haya.

Mimi ni wa Mbale. Agosti 1992 mawe yalianguka mjini kwetu, nilikuwa mtoto. Naona mnaandika ngazi ngazi hizo kana kwamba mmeenda huko na rula. Mnapimaje? Na mawe yetu yalisaidia nini? — Mbale, Uganda

Pole kwa wale waliotobolewa mabati, na yule kijana aliyegongwa kichwani na kijiwe cha gramu tatu kilichopita kwanza kwenye majani ya mgomba, bahati yake majani yalipunguza kasi. Mawe yenu ya tarehe 14 Agosti 1992 ni ya aina iitwayo L, hayajawahi kuwa lava, ni malighafi ya kale ambayo sayari zilijengwa nayo. Ukikata moja unaona vidoa vya metali vinang'aa katikati ya mwamba wa kijivu, na mwamba huo nao una chuma cha mbili ndani ya olivini yake. Hali mbili ndani ya jiwe moja. Sayari ilirithi mchanganyiko kama huo na ikabidi iamue kwa joto na presha yake chuma kipi kizame kwenye kiini na kipi kibaki juu.

Kwa Mars tunayo mawe yaliyotoka huko yenyewe, yaliyorushwa na migongano mikubwa. Moja lilianguka Zagami, Katsina, Nigeria, tarehe 3 Oktoba 1962, kilo 18, mita chache kutoka kwa mkulima aliyekuwa shambani kwake. Mawe ya jamii hiyo tunajua ni ya Mars kwa sababu jiwe ndugu yao lililookotwa Antaktika lilikuwa na gesi imenaswa ndani ya kioo chake, na gesi hiyo inalingana na hewa ya Mars iliyopimwa na vyombo vya Viking mwaka 1976. Ndani ya mawe hayo wanapima yuropiamu, elementi adimu ambayo nayo inabadilisha hali kulingana na oksijeni, na piroksini inaipokea kwa kiasi tofauti kila hali. Matokeo yanaonyesha lava za Mars hazikuwa sawasawa, zingine ziko karibu na mstari wa chuma na zingine zinapanda karibu mpaka zilipo lava zetu za baharini.

Na maabara nayo ina kazi yake. Unachukua unga wenye mchanganyiko uleule wa lava ya Mars, chuma chake asilimia 18 au zaidi, unaubandika kwa gundi kwenye kitanzi cha waya wa platinamu uwe donge dogo kama punje ya harage, unauning'iniza ndani ya tanuru la wima la nyuzi 1,200. Kutoka chini unapitisha mchanganyiko wa kabonidayoksaidi na kaboni monoksaidi, na ukizungusha valvu kuongeza hii au ile unapanda au kushuka ngazi. Saa nyingi baadaye, wakati mwingine siku kadhaa, unapitisha umeme kwenye uzi mwembamba unaoshikilia kitanzi, unakatika, donge linatumbukia kwenye maji na kuganda hapohapo kabla fuwele hazijapata nafasi ya kubadilika. Tatizo kubwa la hii kazi ni wizi, platinamu inapenda chuma na inakinyonya kutoka kwenye donge, usipokuwa makini unajikuta unapima lava isiyo na chuma huku chuma chenyewe kiko kwenye waya. Ndo maana wengine wanatumia reniamu, au wanaushibisha waya chuma mapema.

Vipi Zuhura? Huko joto ni la kuoka na hewa ni nzito, jiwe si linaoza mara moja? — Tanga

Karibu hivo. Chombo cha Kisovieti Venera 13 kilitua Machi 1982, kikadumu dakika 127 kwenye nyuzi 457 na presha ya karibu mara 90 ya hewa yetu, na kikapima mwamba unaofanana na basalti. Lakini kipimo chake kilikuwa kinasoma jumla ya chuma, hakikuweza kusema ni cha mbili au cha tatu.

Mwaka 2020 watafiti wa Houston walichapisha kazi yao, waliipasha olivini kwenye hewa moto mpaka nyuzi 900 na ikavaa koti la hematiti ndani ya siku hadi mwezi mmoja. Hewa ya tanuru lao haikuwa hewa ya Zuhura, hilo tulikumbuke. Hata hivyo hoja yao ina uzito, kama kuna lava kule ambazo kutoka angani bado zinaonekana zina olivini safi basi zimemwagika juzijuzi tu, sio mamilioni ya miaka. Halafu 2023 wengine wakarudi kwenye picha za rada za chombo cha Magellan za mwaka 1991, wakalinganisha picha mbili zilizopigwa miezi minane tofauti, wakaona tundu la volkeno kwenye mlima Maat Mons wa Zuhura limebadilika umbo. Picha zilikaa kwenye makabati zaidi ya miaka 30!

Naomba kuuliza bila kugombana, haya yanamsaidia nini mwananchi? — Morogoro

Hujagombana. Salfa na chuma kwenye magma ndo vinavyoamua madini ya kuuza yatajikusanya au yatapotea. Kabanga kule Ngara, nikeli ilijikusanya kwa sababu magma ilikula miamba ya pembeni yenye salfa, salfa ikajitenga na kuwa matone mazito ya salfaidi, matone yakakusanya nikeli yote njiani. Hiyo inataka oksijeni haba. Kwa upande wa pili shaba ya Andes inapenda magma yenye oksijeni nyingi, maana humo salfa inabaki imeyeyuka na haizami na shaba mapema. Anayetafuta nikeli mahali na anayetafuta shaba wanauliza swali lilelile na wanatumaini majibu tofauti. Tanuru la Mars na tanuru la kampuni ya madini ni moja, wanabadilisha unga tu.

Kwa nini Dunia ina oksijeni nyingi ndani kuliko Mwezi na Mars wakati malighafi zinakaribiana? — Mwanafunzi wa chuo, Kigali

Jibu linaloshika kasi ni presha. Dunia changa ilikuwa na bahari ya magma yenye kina cha mamia ya kilomita au zaidi, na kule chini chuma cha mbili kikibanwa sana kinaweza kugawanyika chenyewe, atomu tatu za chuma cha mbili zinatoa mbili za chuma cha tatu na moja ya chuma mtupu. Chuma mtupu kinazama kwenye kiini na hakirudi, cha tatu kinabaki kwenye mwamba. Yaani mwamba unapata kutu bila mtu kuuletea oksijeni. Majaribio ya Bayreuth, Ujerumani, yaliyochapishwa 2019, yalionyesha kwamba mgawanyiko huo unaweza kutokea ndani ya magma yenyewe. Mars ni ndogo, presha iliyopo kule chini kabisa ya mwamba wake haifiki mbali, Mwezi ndo kabisa. Na hilo linagusa hewa, volkeno za sayari yenye njaa zinatoa haidrojeni na kaboni monoksaidi, za kwetu zinatoa mvuke wa maji na kabonidayoksaidi.

Kimondo cha Mbozi kimetoka Mars? — Tunduma

Hapana. Ni tani 16 hivi za chuma na nikeli, sio jiwe la lava. Mars haitupi chuma mtupu, inatupa basalti.

Umeandika Mwezi hauna kutu. Mimi nimesoma wameiona kutu Mwezini. — Zanzibar

Umesoma sawa, na ndo maana kichwani mwa kurasa nimeweka "karibu". Mwaka 2020, kwa kutumia data za kifaa kilichokuwa kwenye chombo cha India, Chandrayaan-1, watafiti waliona dalili za hematiti kwenye latitudo za juu, karibu na ncha, na nyingi iko upande unaotutazama sisi. Haikutoka kwenye magma, ilikuja baadaye sana. Maelezo yao ni kwamba Mwezi kila mwezi unapita siku kadhaa ndani ya mkia wa sumaku wa Dunia, na mkia huo unabeba chembe za oksijeni zilizovuja kutoka juu kabisa ya anga letu, na siku hizohizo upepo wa jua wenye haidrojeni, ambao kazi yake ni kuvua oksijeni, unakuwa umezuiwa. Kwa hiyo kutu ile, kama wako sahihi, sehemu ya oksijeni yake ni ya kwetu.

Maswali ya toleo lijalo ni ya chumvi na magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa, tuma kabla ya tarehe 20, na tafadhali usiandike swali lote kwa herufi kubwa.